Maadili Ndani ya Hesabu: Nafasi ya Taaluma Mtambuka katika Masomo ya Biashara

Usimamizi wa biashara, yaani taaluma ya kupanga, kuendesha na kudhibiti rasilimali za kampuni, umekuwa ukifundishwa mara nyingi kana kwamba maadili ni somo la pembeni, linalotengewa muhula mmoja na mtihani wake, kisha mwanafunzi hurejea kwenye uhasibu, fedha na masoko bila kuulizwa tena juu ya haki. Vyuo vingi vinakubali kwamba maadili yafundishwe; linalobishaniwa ni mahali pake katika mtaala.

Anguko la Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001, linaonyesha udhaifu wa mpango huo. Kampuni hiyo ilikuwa na mwongozo wa maadili wa kurasa 64, na Jeffrey Skilling, aliyekuwa mtendaji wake mkuu, alihitimu shahada ya uzamili ya biashara Harvard. Hata hivyo madeni yalifichwa katika kampuni za pembeni ambazo hazikuonekana kwenye mizania, na wakaguzi wakaziidhinisha hesabu hizo. Waliofanya hayo walikuwa mabingwa wa uhasibu, na mwongozo wao ulibaki kabatini.

Nyuma ya mjadala huu kuna mikabala miwili. Mwaka 1970 mwanauchumi Milton Friedman alidai kwamba wajibu wa kampuni kwa jamii ni kuongeza faida bila kuvunja kanuni za mchezo, mkabala unaowatanguliza wanahisa, yaani wenye mtaji. Mwaka 1984 mwanazuoni wa usimamizi Edward Freeman alipanua wigo huo hadi kwa wadau, yaani wote wanaoguswa na kampuni, wakiwemo wafanyakazi, wateja na majirani. Ugumu wa mkabala wa Friedman ni kwamba kanuni huchelewa kuifikia biashara mpya, na katika pengo hilo meneja hubaki na dhamiri yake na elimu aliyopewa.

Mikopo ya simu ni mfano ulio karibu; ile yenye masharti makali Watanzania wameibandika jina la kausha damu. Tuseme mkopaji anaidhinishiwa Sh100,000, anakatwa Sh15,000 papo hapo, kisha anatakiwa kurejesha Sh100,000 baada ya siku 30: kwa kuwa alichopokea ni Sh85,000, riba halisi inazidi asilimia 17 kwa mwezi. Somo la fedha litaeleza kwamba makato hayo yanafidia wasiolipa. Sheria itahoji uhalali wa programu ya mkopeshaji kusoma namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Sosholojia itabaini kwamba mkopeshaji anapompigia mkwe au mwajiri wa mdaiwa, kilichowekwa rehani ni heshima ya mtu. Hapo ndipo ilipo maana ya taaluma mtambuka, yaani kulichambua tatizo moja kwa nyenzo za fani kadhaa kwa pamoja.

Kenya ilitunga kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022, zikakataza udhalilishaji wa aina hiyo, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Katika nchi zote mbili udhibiti ulifika baada ya wakopaji kuumia.

Wapo wanaopinga taaluma mtambuka kwa hoja nzito kwamba mwajiri humtafuta mhitimu anayejua kufunga hesabu, na kwamba fani nyingi zikirundikwa ndani ya miaka mitatu zitazaa mhitimu anayegusa kila kitu asibobee katika chochote. Hofu hiyo ni ya haki iwapo taaluma mtambuka inamaanisha kuongeza masomo, lakini inapungua iwapo swali la haki litaingizwa katika masomo yaliyopo, hususan kwenye mtihani, kwa kuwa mwanafunzi husoma kinachopimwa. Mtihani wa fedha unaompa mtahiniwa mkopo kama huo wa Sh100,000, ukamtaka akokotoe riba halisi, ataje anayebeba hasara na atetee masharti ambayo angeyaidhinisha, hauongezi hata saa moja kwenye ratiba, na alama zake zinamlazimu mhadhiri wa fedha kufundisha kile ambacho hadi sasa kimeachiwa mwenzake wa maadili.