Kazi za Mikono: Pikapu ya Gitaa la Mjomba

Mwezi uliopita tulizungumzia kofia za viua. Mwezi huu naomba radhi kwa wale wasiopendelea ala za muziki nyumbani mwao, kwani habari yangu ni ya gitaa. Sitapiga wimbo hapa. Nitazungumzia waya, sumaku na nta.

Marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipiga gitaa la umeme huko Tanga, mji ambao vikundi vyake vya taarab, kama Black Star na Lucky Star, vilijulikana kwa kuliingiza gitaa hilo katika taarab. Gitaa lake lilinifikia hapa Uingereza likiwa na pikapu mbili, moja hai na moja imekufa. Pikapu ninayoisema si lile gari la mizigo. Ni kile kisanduku kidogo kikaacho chini ya nyuzi na kuupeleka mtikisiko wake kwenye spika. Fundi mmoja wa dukani alinishauri niing'oe iliyokufa, niitupe, nitie mpya. Nilimpigia simu mkaza mjomba kumtaka shauri. Baada ya shikamoo na marahaba alinijibu kwa ufupi: "Usitupe kitu chake, mwanangu."

Basi ikanibidi kujifunza, nami sikuwa nimewahi kushika hata chuma cha kulehemu.

Mwaka 1831, mjini London, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikitembezwa ndani ya koili ya waya huzaa umeme katika waya huo. Pikapu imejengwa juu ya jambo hilo. Vijiti sita vya sumaku, kimoja chini ya kila uzi, huzungushiwa waya wa shaba. Uzi wa chuma ulio juu ya kijiti nao huingiwa na usumaku. Ukitikisika, nguvu ya sumaku ipitayo ndani ya koili hubadilika pamoja nao, na umeme mdogo mno huzaliwa ukaenda kwenye amplifaya. George Beauchamp, Mmarekani, alipewa hataza ya gitaa la namna hiyo mwaka 1937. Ni sharti uzi uwe wa chuma. Wapigaji wa udi walioniuliza wasijisumbue: nyuzi za nailoni, na zile nene zilizovikwa shaba, pikapu hii haizisikii kabisa.

Shauri langu kwa anayeanza ni moja: asiiguse pikapu ya zamani mpaka awe ametengeneza yake mwenyewe kwa mkono wake. Mkono usiojua utaiua mara ya pili.

Nilinunua bobini ya plastiki, vijiti vya alniko (mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti), na kibunda cha waya namba 42. Waya huo, ndugu zangu, ni kitu cha kustaajabisha. Unene wake ni kama sehemu 6 katika 100 za milimita, sawa na unywele, nao umepakwa vanishi ili mzunguko mmoja usigusane na mwingine. Pikapu ya mtindo wa Stratocaster huchukua mizunguko kama 8,000 ya waya huo, na ukiunyoosha utapata zaidi ya kilomita moja. Yote hayo hukaa ndani ya kitu kisichozidi kidole kwa urefu!

Kwa kuzungushia nilitumia mota ya cherehani kuukuu. Kuhesabu kulinitatiza mpaka kijana wangu alipoleta kikokotoo. Alifunga sumaku ndogo kwenye gurudumu, akaunganisha swichi ya sumaku na kitufe cha alama ya sawasawa, akabonyeza moja kujumlisha moja. Kila mzunguko ukapita, kikokotoo kikaongeza moja. Mwendo ukizidi, hesabu huruka, kwa hiyo nilikwenda polepole.

Pikapu ya kwanza ilikatika kwenye mzunguko wa 2,140. Waya hupita katikati ya vidole viwili: ukibana, unakatika, ukilegeza, unajikunja na kujaa matundu ya hewa. Hakuna kitabu kitakachokupa kiasi hicho. Vidole ndivyo vitakavyokijua, navyo havijui usiku wa kwanza. Ya pili niliilegeza kwa hofu. Ilifika mwisho, lakini nilipoiunganisha na kuongeza sauti, ikapiga ukelele kama birika lichemkalo, kwa kuwa mizunguko iliyolegea hutikisika yenyewe.

Dawa yake ni kuichovya katika nta ya mishumaa iliyochanganywa na nta kidogo ya nyuki, ipate kupenya na kuishika mizunguko. Nta iwe katika chombo kilichotiwa ndani ya maji ya moto, isizidi sana nyuzijoto 65. Kamwe usiiweke sufuria ya nta juu ya moto, kwani hushika moto upesi. Mimi sikuunguza nyumba, alhamdulillahi, ila maji niliyaacha yakachemka na bobini ikapinda kama kaukau. Mke wangu alidai sufuria yake kwa siku tatu.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa pikapu. Mizunguko 7,800, na mita ikasoma kilo-omu 5.9, kama inavyopasa. Ilikuwa na ule mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao kila pikapu ya koili moja huuokota. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliuondoa mwaka 1955 kwa kutumia koili mbili zenye sumaku na mizunguko iliyopingana, zinazofutiana mvumo na kuacha sauti ya nyuzi. Mimi niliuacha.

Hapo ndipo nilipothubutu kuifungua ya mjomba. Niliubandua utepe wake taratibu, taa karibu na miwani puani. Koili ilikuwa nzima! Waya ulikuwa umekatika mwishoni tu, pale ulipolehemiwa, umeliwa na kutu ya kijani. Labda hewa ya bahari, labda jasho. Nilifungua mizunguko kama 20, nikaparua vanishi kwenye ncha, nikalehemu upya. Miezi miwili kabla ningeikata yote na kuanza upya. Mita ikasoma.

Jumamosi ile nilimpigia tena mkaza mjomba, nikaiweka simu karibu na spika, nikapiga nyuzi zote sita, kwani wimbo siujui. Akanyamaza muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Uzi wa tatu umelegea," akasema. "Yeye asingeuacha hivyo."

Nikaukaza.