Daftari la Wiki: Insha Isiyo na Tarehe

Wiki hii mwenye daftari alinunua mkusanyo wa insha, akausoma usiku kucha, akaufunga kwa hasira. Hauna tarehe hata moja. Mwandishi anasimulia foleni ya mafuta ya “mwezi uliopita”, anamlilia rafiki aliyezikwa “juzi”, na msomaji anabaki akibahatisha mwaka. Wapo wahariri wanaofuta tarehe kwa makusudi ili kitabu kisionekane kimechakaa. Wanakosea. Anayesimulia maisha yake anatoa ushahidi, na siku ya tukio ni sehemu ya ushahidi huo.

*

Mhariri mmoja amemshauri mwenye daftari, anayezipanga upya insha zake za magazetini, abadilishe bei za zamani ziwe za leo. Hapana.

*

Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909. “Maisha Yangu” kilipochapishwa mwaka 1949, alikuwa mtumishi wa serikali wa miaka 40. Baadaye angeweza kukirudia, akakipanua na kukilainisha. Badala yake aliandika kingine, “Baada ya Miaka Hamsini”, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi zaidi. Vikaja kuwekwa katika jalada moja, na mshono unaonekana. Mshono huo ndio mwenye daftari anaoupenda. Barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi, nazo zinaanzia 1931 hadi 1958. Msomaji anamfuata karani yule mwaka kwa mwaka.

*

Montaigne alichapisha insha zake Bordeaux mwaka 1580, akatoa toleo lililonenepa mwaka 1588, kisha akaendelea kujaza pambizo za nakala yake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1592. Matoleo mengi ya sasa hutia herufi A, B na C kuonyesha kila sentensi ni ya tabaka gani. Herufi tatu tu! Mchapishaji gani wa Nairobi au Dar es Salaam atasema hilo ni gumu?

*

Lakini aliyetawala mawazo ya wiki hii ni Binyavanga Wainaina. Wengi wanamkumbuka kwa ile insha kali ya mwaka 2005 katika jarida la Granta, inayowafundisha wageni namna ya kuiandika Afrika vibaya. Ni insha nzuri, ila inatajwa mno. Iliyo kubwa zaidi ilikuja Januari 2014.

Mwaka 2002 alishinda Tuzo ya Caine kwa “Discovering Home”, masimulizi ya safari ya kurudi kwao, na mwaka uliofuata likazaliwa jarida la Kwani? jijini Nairobi. Mwaka 2011 akatoa kitabu cha maisha yake, “One Day I Will Write About This Place”: Nakuru ya utoto, Afrika Kusini ya ujana, mama aliyetoka Uganda, na vitabu, vitabu, vitabu. Kilisifiwa. Kilikuwa pia na pengo. Siku alipotimiza miaka 43 akachapisha sura aliyoiita iliyopotea, “I Am a Homosexual, Mum”. Bunge la Uganda lilikuwa limekwisha kupitisha muswada wa kuwaadhibu wapenzi wa jinsia moja, na rais wa Nigeria ametia saini sheria ya kwao.

Muundo wa sura ile unamshangaza mwenye daftari kila anapoisoma. Kwanza Binyavanga anajiandika kando ya kitanda cha mama yake, hospitalini, akimwambia siri yake kabla hajakata roho. Halafu anaibomoa picha hiyo mwenyewe: haikuwa hivyo. Mama alifariki Julai 2000, naye mwana yuko mbali, Afrika Kusini. Anaandika alilolitamani, kisha lililotokea, pamoja na tarehe yake. Kitabu cha 2011 hakukikana. Aliuacha ukimya wake usomeke, akauwekea jibu pembeni.

Mtu anaweza kutofautiana naye katika mengi, na Wakenya wengi walitofautiana naye kwa sauti kubwa. Uaminifu wake kwa msomaji, hata hivyo, hauna doa. Alifariki Mei 2019 akiwa na miaka 48. Mwenye daftari hamjui mwandishi mwingine wa eneo hili aliyeurudia ukurasa wake kwa gharama kubwa hivyo.

*

Ken Walibora aliacha “Nasikia Sauti ya Mama”, simulizi ya maisha yake. Kifo chake Aprili 2020 kikawanyima wasomaji kila ambacho angeongeza.

*

Kwa miaka mingi, hadi mtihani wa KCPE ulipofanyika mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa darasa la nane nchini Kenya alipewa dakika 40 aandike insha ya Kiswahili, mara nyingi kwa kufuata sentensi aliyotungiwa na mtu mwingine. Dakika arubaini! Halafu watu wazima wanauliza kwa nini vijana hawaandiki kuhusu maisha yao.

*

Abdulrazak Gurnah aliianza hotuba yake ya Nobel, Desemba 2021, darasani: tangu akiwa mtoto alikuwa akikingoja kwa hamu kipindi cha kuandika hadithi. Hotuba yenyewe ni insha binafsi ya kiwango cha juu. Walimu wa Kiswahili waipate kwa tafsiri nzuri. Watafsiri wapo: Ida Hadjivayanis alikwisha kuleta “Peponi”, tafsiri ya riwaya ya Gurnah, mwaka 2022.