Musingoje kilio ndipo mukutane

Watu waliogombana wanaweza kushika tena kamba moja? Sisi tunasema ndiyo, na mfano wetu unatoka mbali, kule Uingereza.

Orkestra Pink Floyd ilianza London mwaka 1965. Iliuza mamilioni ya sahani, na mali njo ilileta makelele. Richard Wright, mupiga kinanda, aliondolewa kati ya wenye orkestra. Ku konseri za 1980 na 1981 alipanda jukwaani kama mufanyakazi wa mushahara tu. Zile konseri zilileta hasara: wenzake watatu wakailipa, yeye akapata mushahara wake. Musomaji wa migodini anaelewa hesabu hiyo bila mwalimu.

Mwaka 1985 Roger Waters, mwandishi wa maneno mengi ya nyimbo zao, akatoka na kusema orkestra imekwisha. David Gilmour wa gitare na Nick Mason wa ngoma wakakataa. Mambo yakafika ku tribinali. Sababu gani? Jina. Si muziki, jina!

Tarehe 2 Julai 2005, wote wanne wakasimama tena pamoja London, mara ya kwanza tangu 1981. Ilikuwa konseri ya kuomba wakubwa wa dunia wafute madeni ya nchi maskini, zaidi za Afrika. Gilmour alikuwa amekataa kwanza. Waters mwenyewe akamupigia simu. Ku mazoezi wakabishana tena juu ya nyimbo. Lakini walipiga, kisha wakakumbatiana mbele ya watu. Wakaahidiwa mali nyingi ili wazunguke tena pamoja. Haikufanyika.

Kuna wanaosema ule haukuwa upatanisho wa kweli. Sisi tunasema ulitosha. Mwaka 2008 Wright akafariki. Wangengoja mapatano ya kila neno, wale wanne hawangeonana tena jukwaani.

Na kwetu? Ndugu wawili walichimba shimo moja. Leo hawasalimiane, juu ya jina ku karatasi ya koperative. Bibi zao wanapitana sokoni, kila moja anaangalia pembeni. Hatusemi musahau. Tunasema jina na fungu la kila mutu viandikwe mapema, mbele mali haijafika. Na kama mumekwisha kugombana, mwenye simu apige leo. Musingoje kilio ndipo mukutane.