Mkataba mmoja, mnunuzi mmoja: MMA yawafunza nini mabondia wa Tanga?

KIJANA wa Handeni au Korogwe mwenye ndoto ya kuishi kwa ngumi hulazimika kutafuta promota Tanga mjini au Dar es Salaam. Akimpata, jicho lake huwa kwenye fedha ya pambano la kwanza. Ni nadra kuuliza karatasi anayotia saini itamfunga kwa muda gani.

Ndoto hiyo ilipata nguvu Septemba 2018, pale Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham. Hata hivyo, ni Mwakinyo huyo huyo ambaye Oktoba 2023 alifungiwa mwaka mmoja na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania (TPBRC), baada ya kutopanda ulingoni Septemba 29 akidai makubaliano yamekiukwa. Januari 2024 alipigana Zanzibar. Nani alikuwa na haki si hoja ya hapa. Linalopaswa kuangaliwa ni kwamba mlango mmoja ulipofungwa, ulikuwapo mwingine.

Katika mchezo wa mapigano mchanganyiko, maarufu kama MMA, mlango huo wa pili ulinunuliwa.

UFC ya Marekani, ambayo wamiliki wa kampuni ya Zuffa waliinunua mwaka 2001 kwa dola milioni 2, haikukua kwa kuandaa mapambano mazuri pekee. Iliwafunga wapiganaji kwa mikataba ya kipekee: aliyesaini haruhusiwi kupigana kwingine, akitwaa ubingwa, mkataba unaweza kurefushwa, akikataa pambano au akiumia, siku zinaweza kusimamishwa zisihesabike. Sambamba na hilo ikawanunua washindani wake, Pride ya Japani mwaka 2007 na Strikeforce mwaka 2011. Ilipouzwa mwaka 2016, bei ilikuwa takriban dola bilioni 4.

Ni haki kusema kuwa mkataba wa kipekee peke yake si dhuluma. Promota anayemtangaza kijana asiyejulikana, akamlipia mazoezi, safari na vipimo, anahitaji uhakika kwamba jirani hatamchukua siku atakapoanza kuleta watazamaji. Tatizo huanza pale mnunuzi anapobaki mmoja.

Mkulima wa mkonge wa Korogwe huenda akalielewa jambo hili haraka kuliko mwanasheria. Jani likishakatwa halingoji. Lisipofikishwa korona mapema, singa huharibika. Kwa hiyo mwenye korona iliyo karibu ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu malipo, hata kama shamba si lake. Umri wa mpiganaji nao ni jani lililokwisha kukatwa. Miaka miwili ya kusubiri mkataba uishe inaweza kuwa ndiyo miaka yake bora.

Wapiganaji wa zamani wa UFC walilipeleka suala hilo mahakamani Desemba 2014, wakidai kampuni hiyo imehodhi soko na kushusha malipo. Katika shauri hilo ilielezwa kuwa wapiganaji walipata takriban asilimia 20 ya mapato, ilhali wachezaji wa ligi kubwa za Marekani hupata karibu nusu. Julai 2024 jaji alikataa suluhu ya dola milioni 335 akiiona haitoshi. Ile ya dola milioni 375 ikapitishwa Februari 2025. Zaidi ya miaka 10 ilikuwa imepita, na wengi wao walikwisha kustaafu.

Aliyetoka akiwa bado na nguvu ni Francis Ngannou wa Cameroon. Bingwa huyo wa uzito wa juu aliuacha mkataba wake umalizike, akaondoka Januari 2023 bila mkanda, na Oktoba mwaka huo akapigana na Tyson Fury mjini Riyadh. Ni wachache wenye jina la kuwawezesha kukaa mwaka mzima bila pambano. Kijana anayeanza Korogwe hana jina hilo, ndiyo maana kwake kifungu cha muda kina uzito kuliko cha fedha: nani anaweza kuurefusha mkataba, na promota asipompa pambano kwa miezi sita, je, yuko huru?

Swali hilo linaisogelea Afrika. PFL, kampuni aliyojiunga nayo Ngannou, ilizindua ligi yake ya Afrika mjini Cape Town Julai 2025, miezi 20 baada ya kumnunua mshindani wake, Bellator.