Filimu iliyoharibika, nani anaihesabu?

Wandugu vijana wa Boyoma,

Huku kwetu mutu akisikia neno "oditi" anawaza IGF mara moja: wakaguzi wametoka Kinshasa, wakubwa wanatoka jasho, raia wanauliza franga zilienda wapi. Lakini kuko oditi ingine, yenye haitafuti mwizi. Inauliza tu kama kazi ya tiba inafanyika vile inapaswa. Leo naomba tuidai kwa vyumba vya radio vya hospitali za muji wetu.

Mwaka jana mama yangu mukubwa alikohoa wiki tatu. Tulivuka muto kwa mutumbwi kutoka Lubunga, tukalipa radio ya kifua. Filimu ya kwanza ikatoka nyeusi yote. Ya pili ilikata upande mumoja wa mapafu. Ya tatu ndiyo muganga aliweza kusoma. Tulilipa mara mbili. Ya tatu walituonea huruma. Nikamuuliza fundi: "Yaya, filimu kama hizi munatupa ngapi kwa mwezi?" Akacheka: "Mudogo, nani anahesabu hizo?"

Sitaji hospitali, maana sitaki tumukamate mutu mumoja. Shida iko katika lile jibu. Filimu inatupwa, lakini miale yake imeshapita mwilini. Na franga zimeshatoka mufukoni mwa mutu mwenye aliuza mihogo ili azipate.

Najua mutajibu: mashine ni za zamani, umeme wa SNEL unakatika, mafundi wanakaa miezi bila mushahara. Ni kweli. Ndiyo maana tuhesabu! Daftari moja inatosha: tarehe, sehemu ya mwili, sababu ya kurudia. Mugonjwa alitikisika? Aliwekwa vibaya? Miale ilizidi ao ilipunguka? Dawa ya kusafishia filimu imechoka? Umeme ulishuka? Kisha miezi tatu, mukubwa wa kazi anakaa na mafundi, wanachagua sababu yenye kuharibu zaidi, wanaitengeneza, halafu wanahesabu tena. Ile kuhesabu mara ya pili ndiyo inaonyesha kama kitu kimebadilika. Na kama daftari inaonyesha umeme ndiyo adui, fundi anapata ushahidi wa kudai jenereta. Yeye ndiye wa kwanza kufaidika.

Hii si ndoto ya wazungu peke yao. Ulaya waliiweka katika maagizo yao tangu 1997, lakini mwaka 2010 shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, AIEA, lilitoa kitabu cha kuongoza oditi ya radio kwa inchi zote. Kongo yetu iko na sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya kukinga watu na hatari ya miale. Katiba, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Sasa hizo karatasi zifike mpaka mulangoni mwa chumba cha radio.

Tunadai mambo matatu:

1. Divizyo ya afya ya Tshopo iombe daftari ya filimu zilizorudiwa kwa kila hospitali yenye radio, kila miezi tatu.
2. Filimu ikiharibika bila kosa la mugonjwa, mugonjwa asilipe tena.
3. Hesabu ibandikwe mahali wagonjwa wanalipia, kila mutu aione.

Na sisi je? Ukienda kupiga radio, uliza kwa heshima kwa nini wanarudia. Dada, kama uko na mimba, ao unawaza uko nayo, sema mbele ya kuingia. Usimutukane fundi, muulize daftari iko wapi. Tukiuliza Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Lubunga, kila siku, hakuna mutu atacheka tena.

Mimi niko na diploma na sina kazi. Wakitafuta mutu wa kuchora mistari ya hiyo daftari, nitakuja bila malipo.