"Huu si ugonjwa wa hospitali"



Katika tafakari ya juma hili tumekusudia kusema juu ya sentensi moja fupi. Inasemwa Bariadi mjini na vijijini, inasemwa Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Inasemwa na waliosoma na wasiosoma, na inasikika hata midomoni mwa watu wanaokomunika kila Dominika. Mtoto akizidiwa usiku, mama akichelewa kujifungua, kijana akianza kuweweseka, wazee huketi, hutazamana, na mmoja wao hutamka: "Huu si ugonjwa wa hospitali." Tunasema bila kuzunguka: sentensi hiyo ni ya uongo, na imejaza makaburi yetu.

Tueleweke vema tangu mwanzo. Hatupigani na miti wala mizizi. Kwinini ilitokana na gome la mti. Dawa mseto tunayopewa leo kwa malaria ina asili yake katika mmea wa China, na mwanasayansi Tu Youyou aliyegundua kiini chake alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inaitambua tiba asili na inawataka watoaji wake wasajiliwe. Tunachokipinga ni mambo mawili: kuchelewa na ramli.

Tuanze na degedege. Mtoto ana homa kali, anakakamaa, macho yanageuka, povu linatoka. Wapo wanaoamini kwamba huyo amepitiwa na ndege au pepo, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Basi hufukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, humwagiwa mkojo, huchanjwa chale, na saa zinakwenda. Ukweli ni kwamba degedege ni dalili ya homa kali, na mara nyingi nyuma yake kuna malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Mtoto huyo anahitaji kipimo na dawa ya mshipa mara moja. Na imani kwamba sindano huua imezaliwa na kuchelewa kwetu wenyewe: mtoto hupelekwa siku ya tatu akiwa mahututi, huchomwa sindano, hufariki, na lawama huangukia sindano. Zile siku mbili za moshi hazitajwi na mtu.

Pili, uchungu wa uzazi. Katika jamii zetu mama akichelewa kujifungua huambiwa ataje wanaume aliotembea nao, eti mtoto atatoka akisema kweli. Sisi tuliopewa huduma ya kitubio tunayo haki ya kulisemea jambo hili: maungamo ya namna hiyo si sakramenti, bali ni kumdhalilisha binti wa Mungu katika saa yake ngumu kuliko zote, na hayajapata kupanua nyonga ya mwanamke yeyote. Mtoto akiwa mkubwa au amelala vibaya, dawa yake ni mkasi wa daktari. Wengine humnywesha mama mizizi ya kuongeza uchungu. Uchungu ukiongezwa ilhali njia imeziba, mfuko wa uzazi hupasuka, na hapo tunapoteza wawili.

Tatu, mtoto anayelia mifupa. Mikono na miguu huvimba, macho huwa ya manjano, damu hupungua mara kwa mara. Familia husema amelogwa, na hasa ikiwa ni mtoto wa pili au wa tatu kuugua hivyo. Ndugu zangu, huo ni ugonjwa wa seli mundu, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yetu yenye watoto wengi wa namna hiyo. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe huonekana wazima kabisa. Ndiyo maana unawapata ndugu wa tumbo moja. Hutambuliwa kwa kipimo cha damu, na mtoto akifuatiliwa kliniki huweza kukua, kusoma na kuoa.

Sasa tuitazame ramli, maana hapo ndipo dhambi inapozaa dhambi. Mganga wa hospitali huuliza: "Ni nini kinachomwumiza?" Mpiga ramli huuliza: "Ni nani?" Mara jina linapotajwa, huwa ni la jirani, la mke mwenza, au la bibi kizee mwenye macho mekundu. Na macho yale yamekuwa mekundu kwa nini? Kwa sababu amepika miaka hamsini juu ya moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Usukumani tumewazika akina mama wazee waliokatwa mapanga kwa kosa la macho mekundu. Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, Serikali iliwapiga marufuku wapiga ramli. Hata hivyo ng'ombe bado wanaswagwa kwenda kwao usiku. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana alilikataa swali lenyewe, akamponya mtu. Mkristo anayekwenda kuuliza "ni nani" amerudi kwenye swali ambalo Kristo alilifunga.

Wapo watakaotujibu: "Lakini Padre, na ninyi si mnasema tusali?" Naam, tunasema, wala hatutaacha. Ila sala haijawahi kuwa mshindani wa dawa. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa asali, na papo hapo ampe tabibu nafasi yake, kwa kuwa naye ameumbwa na Bwana. Msamaria mwema hakuuliza ni nani aliyemloga yule majeruhi. Alimfunga vidonda, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama. Mhubiri yeyote anayemwambia mgonjwa atupe dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, au za kifua kikuu, au za kisukari, ili aonyeshe imani, huyo anamjaribu Mungu kwa kutumia mwili wa mtu mwingine.

Tusisahau mwaka 2011. Umati ulitoka pande zote za nchi, Kanda ya Ziwa ikiwemo, kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, lakini nauli iliuza mifugo na mashamba. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini, wapo walioacha dawa zao, na wapo waliofia kwenye foleni ya magari kabla hawajafika. Mzee yule alifariki mwaka 2021. Hatumhukumu, Mungu ndiye mwamuzi wake. Lakini vumbi la barabara ile lilipotulia, virusi na sukari vilikuwa vingalimo ndani ya damu za watu.

Mtu atasema pia kwamba hospitali ni ghali, ni mbali, na maneno ya wahudumu ni makali. Hayo yana ukweli. Muuguzi anayemtukana mama aliye katika uchungu anamsukuma arudi kwa mganga, na atajibu mbele za Mungu. Lakini hoja ya fedha ina mlango wa nyuma. Mganga akitaka ng'ombe na mbuzi mweusi, hupatikana siku hiyohiyo. Daktari akiandika rufaa ya kwenda Bugando, tunaambiwa subirini pamba iuzwe. Kisha mgonjwa akifariki, jumuiya nzima inachanga kwa jioni moja: jeneza, turubai, sufuria za wali, na lori la kuleta mwili. Fedha ile ilikuwapo. Ilimngoja afe ndipo itoke mfukoni.

Basi yafuatayo tunayaomba yashikwe na kila familia:

Kwanza, mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea au aliyepata degedege, apelekwe saa hiyohiyo, hata usiku. Wakati wa degedege mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimmwagie maji ya baridi wala kumkaribisha motoni.

Pili, mjamzito anayetoka damu, anayeumwa kichwa sana na kuona giza, aliyevimba uso na mikono, au asiyesikia mtoto akicheza, asingoje tarehe. Namba 115 hupigwa bila malipo, na kwa mpango wa m-mama hutafutiwa usafiri mjamzito, mzazi na mtoto mchanga. Iandikeni ukutani.

Tatu, aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituoni akachanjwe siku hiyohiyo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona, kwa mganga wala kwa daktari.

Nne, anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na mkipewa rufaa ichukueni barua pamoja na majibu ya vipimo. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 huduma zimesogea, na hospitali ya rufaa ya mkoa ipo hapahapa Bariadi. Barua ile humwokoa mgonjwa asianze upya katika kila mlango.

Tano, mwambieni daktari ukweli wote, pamoja na dawa za kienyeji mlizokwisha kumpa mgonjwa. Ukificha mzizi, daktari anatibu gizani. Nanyi mwulizeni bila woga: ugonjwa ni upi, dawa hizi ni za nini, zinywewe mpaka lini, turudi lini, na dalili gani zikitokea tusingoje siku hiyo. Andikeni majibu.

Sita, malizeni dozi. Dawa ya kununua nusu dukani, na dawa ya kuazima kwa jirani, ni hasara mara mbili.

Saba, mnaposhindwa kulipa, msitoroke na mgonjwa. Mwulizeni afisa ustawi wa jamii. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5 na wazee wasiojiweza. Bunge nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ulizeni ofisi ya kijiji au mtaa utaratibu wa kujiunga mkiwa wazima.

Tena tunawageukia viongozi wa jumuiya ndogondogo. Kila jumuiya iwe na mfuko wa wagonjwa, hata kama ni shilingi 500 kwa kaya kwa juma, bei ya kikombe kile. Mfuko huo uwe na mweka hazina mwaminifu, na ufunguliwe mgonjwa angali anapumua. Iwepo pia orodha ya wenye pikipiki na magari walio tayari kuamshwa usiku. Na kuhusu Mpako wa Wagonjwa, msingoje dakika ya mwisho: sakramenti hiyo ni ya wagonjwa, haikuwekwa kwa ajili ya maiti. Padre aitwe, na gari liitwe. Lakini kama simu ina salio la mwito mmoja tu, piteni kwanza kwa mwenye gari. Padre atawafuata hukohuko wodini.

Juma hili, mtu akisema mbele yako kwamba huu si ugonjwa wa hospitali, mwulize kwa heshima: "Umempima kwa kipimo gani, baba?" Kisha mbebe mgonjwa, mwondoke.

Tuwaweke wagonjwa wetu wote chini ya ulinzi wa Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, na tuwaombee madaktari na wauguzi wa mkoa wetu mikono yenye ustadi na ndimi zenye huruma. Mwenyezi Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.