Roboti imegoma, msikimbilie kufungua mota

Wadau, nimekuwa kimya kidogo, pilika za chumba cha habari. Leo nina dukuduku la roboti. Ndiyo, roboti, huku huku Mtwara.

Tangu mwaka 2017 kuna mashindano ya dunia ya vijana wa sekondari yanayoitwa FIRST Global. Yalianzia Washington, yakapita Mexico City, Dubai, Geneva, Singapore, Athens, na mwaka 2025 yakawa Panama. Kila nchi timu moja, na Tanzania imo. Magazetini tunaandika bendera na sare. Kinachowaliza watoto hakiandikwi: fimweya.

Fimweya ni programu iliyomo ndani ya kile kiboksi kinachoendesha mota. Kwenye vifaa vya REV Robotics vinavyotumika huko, kiboksi kimoja kinaendesha mota nne. Fimweya ikiwa ya zamani na programu za juu yake mpya, mambo yanaanza kugoma bila maelezo. Hapo mtu anachukua bisibisi, anafungua mota. Jamani, mota haina kosa! Tazama taa kwanza. Rangi yake inaweza kukuonyesha kwamba umeme upo ila kiboksi hakina mawasiliano. Kagua kebo, halafu betri, halafu toleo la programu. Na betri ya volti 12 iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kiboksi kinaweza kubaki hakijitambui.

Sasa njoo kwetu. Gesi iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, hatua chache tu kutoka mdomo wa Ruvuma, na bado mgao wa umeme tumeuonja. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota nchi nzima. Mwalimu wa Msimbati akiambiwa "pakua tu mtandaoni", apakue na nini?

Msimamo wangu ni huu: anayetoa msaada wa roboti bila faili la fimweya kwenye flashi, kebo yake, na wanafunzi wawili waliofundishwa kulipakia, ametoa pambo la kabati. Faili lenyewe ni dogo. Kiboksi chenye Wai-Fai yake unakifungua kwenye kompyuta kwa anuani 192.168.43.1:8080, unapandisha faili, kazi imekwisha. Bando halihitajiki hata la shilingi mia.

Najua kuna atakayeniuliza madawati yako wapi. Swali la haki kabisa, na madawati tuendelee kuyadai. Lakini roboti ikishafika shuleni, kuiacha ife kwa kukosa faili dogo hakuongezi dawati hata moja.

Na jamani, usiku wa kuamkia mashindano msisasishe kitu. Fanyeni wiki mbili kabla, na anayebonyeza awe mwanafunzi, mgeni wa mradi akae pembeni aangalie.